Wati Sitini kwa Spika Mbili

Sauti ya kwanza kumpotea fundi Mselemu ilikuwa ya nyenje. Mwaka ule mvua zilipokatika alikaa kwenye baraza ya kibanda chake cha redio, mtaa wa nyuma ya soko la Singida, akamwuliza mkewe kwa nini nyenje hawakuja. Kuluthumu aliacha kupepeta uwele akamtazama.

"Baba Johari," akasema, "nyenje wanatupasua vichwa tangu asubuhi."

Mselemu akacheka, akasema alikuwa anatania. Lakini siku ile hakugusa kazi tena. Baada ya nyenje ukaja mluzi wa birika, kisha mlio wa bawaba za mlango, kisha sauti za watoto, na mwisho sauti za wanawake, ambazo zilianza kumfikia kama mtu anayesemea ndani ya gunia. Sauti nzito alizipata bado: ngurumo, lori likipanda kilima, mwanamume akisema karibu. Alijua ugonjwa ulikotoka. Katika vita vya Burma alikuwa katika kikosi cha simu za upepo, na mahema yao yalikaa nyuma ya mizinga kwa miezi saba. Huko ndiko alikojifunza ufundi, na huko ndiko masikio yalikoanza kufa, ingawa yalimcheleweshea habari kwa miaka zaidi ya ishirini.

Fundi wa redio asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja. Mselemu alilijua hilo, kwa hiyo akalificha. Alijifunza kusoma midomo ya watu. Meza yake aliihamisha ili mteja asimame penye mwanga. Redio ikiletwa, hakuitegea sikio. Aliweka ncha za vidole juu ya karatasi ya spika akausikia muziki ukitetema chini ya ngozi yake, akajua kama kifaa kinafanya kazi au hakifanyi. Mara nyingi alipatia. Aliyejua ni Kuluthumu peke yake, naye alikuwa amechoka kumwambia aseme.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, Landrova ya matangazo ilisimama mbele ya kibanda. Juu ya paa lake zilifungwa spika mbili za chuma, zenye midomo mipana kama maua ya maboga. Walishuka watu watatu. Aliyetangulia alikuwa Ndugu Yeremia, bwana mdogo mwenye kalamu tatu mfukoni, mkuu wa msafara wa chanjo ya ndui. Wa pili alikuwa dereva wake, Laurenti, mtu mpole mwenye mabega mapana. Wa tatu alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, amejifunga kitambaa cha bluu kichwani.

"Shikamoo, mzee," akasema yule mwanamke, akipiga goti kidogo.

Mselemu aliiona shikamoo ile kwenye midomo yake. "Marahaba, binti. Karibuni."

Huyo alikuwa Damari. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaombwa aache chaki kwa miezi mitatu kwa sababu alisema Kinyaturu na Kinyiramba sawasawa, na akina mama walimwamini. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya lile gari.

Laurenti alishusha sanduku kutoka nyuma, akalibeba kwa mikono miwili kama anabeba mtoto. Ndani yake mlikuwa na amplifaya, mashine ya kukuza sauti, mpya, nyeusi, inang'aa, imetoka Dar es Salaam wiki ile.

"Wati sitini, mzee!" Yeremia alisema kwa fahari. "Ile ya zamani ilikuwa wati kumi na tano, imekufa. Sasa tunataka sauti ivuke mbuga. Watu wetu hawakai pamoja, unawajua. Nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya korongo. Nifungie hii, keshokutwa tuwe Mungaa."

Mselemu alipanda juu ya paa akafuta vumbi kwenye kibati kilichogongomewa nyuma ya kila spika. Maandishi yalikuwa yamekaribia kufutika, lakini namba ilisomeka. Wati kumi na tano. Na ya pili vilevile. Akashuka taratibu.

"Ndugu Yeremia, spika zako mbili kwa pamoja zinabeba wati thelathini. Mashine yako inatoa sitini. Ukiifungulia yote, utaziunguza."

"Basi haifai?"

"Inafaa. Mashine kubwa si kosa. Punda wawili huwezi kuwatwika mzigo wa punda wanne, lakini unaweza kuupunguza mzigo. Nitaweka alama kwenye kitufe cha sauti. Mtu asiipite."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na fundi yeyote mwenye akili angeyasema. Mselemu aliunga nyaya zake vizuri, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili spika zote mbili zisukume pamoja. Aliunganisha mashine na betri ya gari, akamwambia Laurenti awashe injini ili betri isichoke. Kisha akamwomba Damari aseme kwenye kipaza sauti huku yeye amepanda tena kwenye paa.

Hapo ndipo lilipotendeka kosa.

Mselemu aliweka kiganja kwenye shingo ya spika. Damari akaanza kusema, na Laurenti akawa anazungusha kitufe kidogo kidogo. Kiganja kilisikia mtetemo ukikua, ukawa mnene, ukawa mzuri. Alipoona umetosha, akanyoosha mkono. "Hapo!" Akashuka na kopo la rangi nyekundu akapiga mstari kwenye mashine, mahali kitufe kilipokomea.

Lakini kiganja hakisikii kila kitu. Sauti ikizidi uwezo wa spika, kabla haijaunguza, huanza kukwaruza kwenye zile sauti nyembamba za juu. Mwenye masikio huisikia mara moja, akapunguza. Sauti za Mselemu za juu zilikuwa zimekwenda na nyenje.

Damari alikuja mpaka mezani. Mselemu alikuwa ameinama anafunika kopo la rangi, hakumwona.

"Baba," Damari alisema, "mbona inakwaruza kama mafuta kwenye kikaango?"

Mselemu aliona tu kivuli chake, akainua uso na kumkuta ameshafunga mdomo. Akatabasamu. "Usijali, binti. Mpaka jioni itakuwa imekauka."

Damari alimtazama sana. Alifungua mdomo kama anayetaka kurudia, lakini Yeremia alikuwa ameshapiga honi. Na fundi ni fundi. Nani alikuwa yeye, mwalimu wa darasa la pili, kumfundisha? Akapanda gari.

Walirudi baada ya siku nne. Mselemu alijua kabla hawajashuka, maana spika moja ilikuwa imefunikwa gunia, kama maiti.

Yeremia hakusalimia. "Imeungua, mzee. Imeungua mbele ya watu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pale Mungaa walikuwa wamewaita akina mama na watoto tangu asubuhi, na wamekuja wengi kuliko walivyotegemea. Damari alikuwa anawaeleza kwamba sindano ya ndui haimfanyi mtoto kuwa tasa, wala kovu lake si alama ya kumilikiwa na mtu. Katikati ya maneno yake spika ya kushoto ikapiga ukelele mkali, ikatoa moshi, ikanyamaza. Harufu ya waya ulioungua ikashuka juu ya watu. Mzee mmoja akasema kitu cha serikali kimejichoma chenyewe kwa uongo kiliousema. Waliocheka walikuwa wachache. Akina mama walibeba watoto wao wakaondoka kimya kimya, wengine wakikimbia. Damari alisimama juu ya boneti akapaza sauti ya koo lake mpaka ikakatika. Waliobaki kuchanjwa hawakufika theluthi.

Damari mwenyewe alisimama nyuma ya Yeremia. Hata angetaka kusema, sauti hakuwa nayo.

"Na najua ni nani," Yeremia akaendelea. Akamgeukia dereva. "Kitufe kilikuwa mkononi mwako, Laurenti. Ulitaka kuwafurahisha watu wa kwenu ukakipitisha alama."

"Ndugu Yeremia, naapa kwa Mungu sikukipitisha," akasema Laurenti. "Niliacha palepale kwenye nyekundu."

"Basi fundi ndiye aliyekosea? Fundi aliyetengeneza redio za vita?" Yeremia akatikisa kichwa. "Kesho nitaandika barua. Gari hili litaendeshwa na mtu mwingine."

Mselemu aliyasoma yote hayo kwenye midomo yao, akitazama huku na huku. Alikuwa na nafasi ya kusema. Watu watatu walikuwa wamesimama mbele ya kibanda chake, mchana kweupe, na neno moja lingetosha. Akajisikia akisema, "Iacheni spika, niiangalie."

Walipoondoka alifungua nati za spika. Ndani, kiwambo chenyewe kilikuwa kizima, ile bati nyembamba inayotetema na kutoa sauti. Lakini koili, waya mwembamba kama unywele unaozungushwa chini ya kiwambo, ilikuwa nyeusi kama ugali ulioungulia. Koili haiungui hivyo kwa siku moja. Ilikuwa imechemka tangu siku ya kwanza, saa baada ya saa, kwenye alama aliyoipiga yeye. Alijua pia, bila kuambiwa na mtu, kwamba wakati ule spika ilikuwa inalia, ikiomba ipunguziwe, na waliokuwa pale wote waliisikia isipokuwa yeye.

Kuluthumu alimletea uji. Aliiona koili mezani, akamwona mumewe jinsi alivyokaa.

"Laurenti ana watoto wangapi?" akauliza, akihakikisha mumewe anamtazama mdomoni.

"Sita."

 Kuluthumu aliweka bakuli akarudi jikoni.

Asubuhi Mselemu alivaa kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumanne, akaenda mpaka kwenye ofisi ya msafara. Alimkuta Yeremia na karatasi tupu mbele yake. Laurenti alikuwa nje anaosha gari kama kawaida, kama mtu anayetaka aonekane akifanya kazi mpaka dakika ya mwisho. Damari alikaa kwenye benchi la ukutani, anakunywa maji ya asali kwa ajili ya koo.

"Ndugu Yeremia, usiandike," akasema Mselemu. "Alama niliiweka juu mno. Dereva wako hana kosa."

"Mzee, unamtetea tu."

"Simtetei. Mimi ni kiziwi."

Yeremia alidhani amesikia vibaya. Mselemu akarudia, safari hii polepole, kwa sababu kulisema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza. Akaeleza habari ya mizinga, ya nyenje, na ya kiganja. "Nilipima mtetemo, sikupima mkwaruzo. Mkwaruzo siusikii. Ningekwambia tangu siku ile, lakini niliogopa. Nani atampelekea redio fundi kiziwi? Kwa hiyo nilinyamaza, na jana nikanyamaza tena, na mtu mwenye watoto sita amelala bila kujua kesho yake."

Yeremia aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa kijana aliyepewa kazi kubwa kuliko umri wake.  Lakini aliyesema ni Damari, kwa sauti iliyokwaruza kama kitu kilekile walichokuwa wakikizungumza. Alikuja mbele ya Mselemu kwanza, ili amwone.

"Mimi nilisikia," akasema. "Siku ile ile. Nikakuuliza, ukanijibu habari ya rangi kukauka. Nikajua, baba. Au nilishuku. Nikaona aibu kusema."

"Kwa nini uone aibu?"

"Baba yangu mzazi alikuwa hivyohivyo. Alimpiga mtu ngumi kwenye pombe kwa kumtajia uziwi wake."

Mselemu akacheka, bila kutaka. Kicheko kikamtoa machozi kidogo, akayafuta kwa mkono wa kanzu.

Yeremia aliichana ile karatasi. Kisha akauliza swali la mtu mwenye kazi: "Ijumaa tunatakiwa Kinampanda. Baada ya hapo Sekenke, kwa wachimbaji. Na Mungaa lazima turudi. Nina spika moja. Nitafanya nini?"

"Nipe mpaka keshokutwa," akasema Mselemu. "Na unipe huyu binti."

Siku mbili zile zilikuwa za kazi ambayo mtaa wa nyuma ya soko haukuwahi kuiona. Mselemu aliifumua koili iliyoungua, akihesabu mizunguko yake mmoja mmoja, Kuluthumu akiiandika kwa mkaa ukutani ili isipotee. Waya mpya aliutoa kwenye redio kuukuu ya Kijerumani aliyokuwa ameihifadhi miaka mingi. Mikono yake ilikuwa bado ya kijana. Aliuzungusha waya, tabaka juu ya tabaka, akaupaka gundi, akauacha ukauke kwenye jua chini ya kitambaa. Watu walipita, wakasimama, wakaambizana. Kufikia adhuhuri mji ulikuwa umeshajua kwamba fundi Mselemu hasikii. Mteja mmoja alikuja kuchukua redio yake ambayo haijatengenezwa, akaondoka nayo bila kumtazama usoni. Mselemu alimwona, akaendelea kuzungusha waya.

Jioni ya siku ya pili, jua bado liko juu ya mawe makubwa ya upande wa magharibi, walifunga spika zote mbili kwenye paa. Safari hii Mselemu aliweka fyuzi ndogo kwenye waya wa kila spika. "Hii ni kamba dhaifu kwa makusudi," akamweleza Damari. "Mzigo ukizidi, yenyewe ndiyo inayokatika, koili inapona. Fyuzi tunabadilisha kwa dakika moja. Koili umeona ilivyonichosha."

Kisha akamkalisha kwenye kiti, hatua thelathini kutoka kwenye gari, na kipaza sauti akampa Laurenti.

"Sauti ya dereva ni nene, haitatuambia ukweli," akasema Damari.

Mselemu alimtazama akafurahi, maana yeye hakuwa amefika huko bado. "Kweli. Basi Kuluthumu atasema. Mama Johari, njoo! Sema kama unavyonigombeza."

Kuluthumu alikuwa hajawahi kushika kipaza sauti. Alikishika mbali na mwili kama nyoka. "Niseme nini?"

"Lolote! Kwa nguvu!"

Basi Kuluthumu akasema. Alisema habari ya paa linalovuja, na habari ya mtu anayeficha ugonjwa wake kama mtoto anayeficha sukari, na miaka mitatu ya kurudia kila neno mara mbili. Mtaa mzima ukamsikia. Laurenti alizungusha kitufe. Damari alifumba macho, akainua kidole. Akashusha. Akainua tena.

"Inaanza," akasema. "Hapo. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Sasa ni safi."

Mselemu alikwenda kutazama. Mahali pale palikuwa chini sana ya mstari wake mwekundu, karibu nusu yake. Akaangalia umbali ule kati ya alama yake na ukweli. Halafu akampa Damari brashi.

"Weka wewe."

Damari akapiga mstari mweupe.

"Mzee," Yeremia akasema, na kwa mara ya kwanza alikuja kusimama mbele yake penye mwanga, "serikali imeleta wati sitini. Tutumie nusu tu? Sauti itafika wapi?"

"Sauti iliyochafuka haifiki popote, Ndugu Yeremia. Watu husikia kelele, hawasikii neno. Tumia nusu yako safi, kisha tumia akili. Usisimamishe gari bondeni. Panda penye mwinuko, upepo uwe mgongoni mwako. Spika moja ielekee huku, nyingine kule, usizifunge zikatazama upande mmoja kama macho ya bundi. Na siku serikali ikikuletea spika mbili nyingine, fungulia mashine yako yote, nitakuja kupiga makofi."

Yeremia aliyaandika hayo kwenye daftari. Kisha akasema, "Afadhali uje mwenyewe utuonyeshe mahali pa kusimama."

Ndivyo Mselemu alivyopanda Landrova ile Ijumaa baada ya sala, amekaa mbele kati ya Laurenti na Damari, na begi la vyombo magotini. Njia ya Iramba ilikuwa ya vumbi na makorongo.  Walipopita mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, Laurenti alipunguza mwendo akamgusa Mselemu begani ili ageuke.

"Mzee, nilitaka kukushukuru, nikaona pia nina hasira na wewe. Usiku ule mke wangu alilia."

"Una haki ya vyote viwili," akasema Mselemu.

Laurenti akafikiria, akaitikia kwa kichwa. Mbele kidogo alimkatia kipande cha muwa.

Kinampanda walichagua kilima kidogo juu ya mabomba ya maji, upepo ukivuma kutoka nyuma yao. Wachanjaji walipanga meza na sindano chini ya turubai. Mselemu aligusa nyaya zote mara ya mwisho, akatazama kitufe, kimekaa kwenye mstari mweupe. Akamwashiria Damari. Koo lake lilikuwa limepona.

Damari akaanza kusema kwa Kinyiramba. Mselemu hakuijua lugha ile vizuri hata zamani alipokuwa anasikia. Alisimama pembeni, mikono nyuma. Aliona midomo ya Damari ikienda bila haraka; hakuwa akipaza, alikuwa akizungumza kama mtu aliyekaa na mwenzake jikoni. Kiganja cha Mselemu kilimwasha kikitaka kwenda kwenye spika. Akakizuia. Hakuwa na njia ya kujua kama ni safi au inakwaruza. Alimtazama Laurenti, naye akainua dole gumba. Hilo nalo lilikuwa jambo la kujifunza uzeeni, kumwamini mtu mwingine kwa kitu ambacho ni chako.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Chini kulikuwa na nyumba za tembe, zimetawanyika, na ng'ombe wachache. Kisha, mbali sana, ng'ambo ya bonde, mahali ambapo Mselemu angeapa hakuna sauti inayofika, mlango ukafunguliwa. Mwanamke akatoka, akasimama, mkono juu ya macho. Akarudi ndani. Akatoka tena na mtoto mgongoni. Nyumba ya pili ikafanya hivyohivyo. Upande wa mashariki, ambako spika ya pili ilielekea, akaona kanga nyekundu ikishuka kwenye njia ya mbuzi, na nyuma yake nyingine, na nyingine. Kila mtu aliyetokea alikuwa amesikia neno, amelielewa, na ameamua. Mselemu alianza kuhesabu akaacha, maana walikuwa wanakuja kwa mafungu.

Mstari ulipokuwa mrefu, bibi mmoja aliyejitanda shuka jeusi alitoka kwenye foleni, amemshika mjukuu mkono. Alikuja moja kwa moja kwa Mselemu, pengine kwa sababu ya mvi zake na kanzu, akamwuliza kitu. Midomo yake haikuwa na meno, na mwenye kusoma midomo hapo hana la kusoma.

Siku zote, mahali kama hapo, Mselemu angetabasamu na kuitikia ndiyo. Neno lile lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza.

"Shikamoo, bibi," akasema kwa Kiswahili. "Mimi sisikii. Masikio yameharibika. Niambie polepole, au mwambie huyu binti aniambie."

Bibi alimtazama kutoka juu mpaka chini. Kisha akaachia mkono wa mjukuu, akakamata sikio la Mselemu kwa vidole viwili kama mtu anayemshika mbuzi, akalivuta mpaka kwenye mdomo wake, na akapiga kelele humo kwa nguvu zake zote. Watu wa kwenye foleni waliangua kicheko. Damari alilazimika kuweka kipaza sauti kwapani, maana kicheko chake kilikuwa kimeanza kuvuka bonde.

"Anasema nini?" akauliza Mselemu, naye akicheka, sikio bado limeshikwa.

"Anauliza kama inauma," akasema Damari, mbele ya uso wake, kila neno kwa mahali pake. "Chanjo. Kama itamuuma mtoto."

Mselemu akachutama mpaka akalingana na yule mtoto, msichana wa miaka minne hivi, mwenye macho makubwa ya woga. Akakunja mkono wa kanzu, akamwonyesha kovu la zamani la chanjo ya jeshini, la mviringo, juu ya bega.

"Kidogo," akasema. "Mimi nililia. Wewe je?"

Mtoto akaligusa lile kovu kwa kidole. Akasema neno moja, dogo, ambalo Mselemu hakulipata. Lakini aliona kichwa chake kikitikisika, hapana, na akamwona akigeuka, akamshika bibi yake mkono, na kurudi naye kwenye foleni.